Saratani ya ini kwa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vihatarishi

Saratani ya ini kwa mtoto ni ugonjwa adimu, kiasi kwamba mzazi akishaambiwa mwanawe anao hukosa hata wa kumuuliza. Majirani hawajawahi kuusikia, zahanati ya karibu haijawahi kuuona, na kila anayekuja kutoa pole huja na maelezo yake: maji ya kisima, sindano alizochomwa mama akiwa mjamzito, jicho la mtu. Hapa tumejibu maswali ya chanzo na hatari. Habari za matibabu tumezigusa pale tu zinaposhikana na swali.

Je, saratani ya ini kwa watoto ni ugonjwa mmoja?

Hapana, na ukilishika hili mapema mengine yote yatakuwa mepesi kuelewa. Aina kubwa ni mbili.

Ya kwanza inaitwa hepatoblastoma. Huwapata watoto wadogo sana, wengi wao wakiwa chini ya miaka 3, na ni nadra kuiona kwa mtoto aliyevuka miaka 5. Huanzia kwenye seli changa za ini. Kwa mwaka humpata mtoto mmoja au wawili katika kila watoto milioni moja, na wavulana huugua zaidi kidogo kuliko wasichana.

Ya pili ni saratani ya seli za ini, ile ile wanayougua watu wazima. Kwa watoto huonekana zaidi kuanzia miaka 10 hivi, ingawa mahali penye homa ya ini B nyingi huweza kuja mapema zaidi.

Hepatoblastoma huota ndani ya ini ambalo kwingineko kote ni zima. Saratani ya seli za ini mara nyingi huota kwenye ini lililokwisha kuumizwa na virusi, sumu au ugonjwa wa kurithi. Kwa hiyo mtu akikuuliza saratani ya ini ya watoto husababishwa na nini, nawe muulize kwanza: mtoto wa umri gani? Majibu hayafanani hata kidogo.

Mwanangu ana mwaka na nusu, amekutwa na hepatoblastoma. Tulikosea wapi?

Karibu mara zote, hamkukosea popote. Tumeliweka swali hili mbele makusudi, kwa sababu katika familia nyingi wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama: alikula nini, alikunywa dawa gani, kwa nini alichelewa kliniki.

Watoto wengi wenye hepatoblastoma hukutwa na badiliko katika jeni iitwayo CTNNB1. Jeni hiyo hutengeneza protini ya beta-katenini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuiamuru seli igawanyike. Jeni ikiharibika, amri ya kugawanyika haizimwi. Badiliko hilo hutokea ndani ya seli za uvimbe wenyewe. Mtoto hakulirithi kwa baba wala kwa mama, na hakulipata kwa chakula wala kwa maradhi ya kuambukizwa. Ni hitilafu ya seli zilipokuwa zikigawanyika kwa kasi, na hakuna mzazi ambaye angeiona au kuizuia.

Mama mkwe akiendelea kuuliza, mpeni ukurasa huu asome.

Kihatarishi ni nini hasa? Ni sawa na chanzo?

Si sawa. Kihatarishi ni jambo linaloongeza uwezekano wa kuugua. Mtoto anaweza kuwa nacho na akakua salama, kama ilivyo kwa wengi, na mwingine akaugua bila kuwa nacho hata kimoja.

Mtoto wangu alizaliwa njiti. Nasikia njiti hupata saratani hii. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, ila usikuondolee usingizi. Watafiti wa Japani waligundua miaka ya 1990 kwamba miongoni mwa watoto wenye hepatoblastoma, waliozaliwa na uzito mdogo mno walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Nchi nyingine zilipochunguza zikaona hivyo hivyo. Wanaozungumziwa hasa ni waliozaliwa na chini ya gramu 1,500. Aliyezaliwa na kilo mbili na robo hayumo katika kundi hilo.

Sababu bado inachunguzwa. Wapo wanaoshuku kwamba ini changa likikutana na oksijeni nyingi, dawa na lishe ya kupitia mshipani huvurugika, na wapo wanaoona kwamba chanzo cha kuzaliwa mapema ndicho kinachohusika. Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, hakuhusiki kabisa. Endelea.

Hata kwa hawa wadogo mno, hatari inayoongezeka inaanzia chini sana: ukikiongeza mara kadhaa kitu kinachompata mmoja katika milioni, bado unabaki na watoto wachache. Njiti hawahitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa ajili ya hili. Kinachofaa ni mhudumu kumshika mtoto tumbo kila anapokuja kliniki. Kama humwoni akifanya hivyo, muombe. Haimchukui hata dakika moja.

Ni hali gani za kuzaliwa nazo zinazoongeza hatari?

Iliyo muhimu zaidi kuijua ni sindromu ya Beckwith-Wiedemann, kwa kuwa ina alama zinazoonekana kwa macho. Mtoto huzaliwa mkubwa kuliko kawaida, ulimi ni mkubwa hata haukai vizuri kinywani, kitovu kina ngiri au utumbo umetokeza nje, na sukari hushuka siku za mwanzo. Wengine hukua upande mmoja kuliko mwingine. Mama hugundua siku ya kununua viatu, pale mguu wa kulia unapoenea na wa kushoto unapwaya, au anapomkalisha kwenye beseni na kuona paja moja ni nene. Ukiona hivyo usisubiri akue "ajilinganishe". Mpeleke kwa daktari wa watoto. Watoto hawa hupimwa ultrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi 3, pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo uvimbe wa ini huipandisha, hadi miaka 4 hivi, kwa sababu uvimbe wa ini ukikamatwa mdogo hutolewa kwa urahisi zaidi. Sindromu hii huambatana pia na saratani ya figo, na ultrasaundi hiyo hiyo huziangalia figo.

Ya pili ni ugonjwa wa kurithi wa vinyama vingi kwenye utumbo mpana, unaotokana na jeni ya APC. Mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa. Wengi wanaorithi hawapati hepatoblastoma, ila hatari yao ni kubwa mara nyingi kuliko ya watoto wengine. Kama katika ukoo kuna watu waliougua saratani ya utumbo mpana wakiwa vijana, mweleze daktari wa mtoto, hata kama huoni uhusiano wake na ini.

Nyingine ni sindromu ya Edwards, ambapo kromosomu ya 18 huwa tatu badala ya mbili, na sindromu ya Aicardi, inayowapata karibu wasichana pekee.

Kisha kuna magonjwa yanayoliharibu ini polepole na kuliandaa kwa saratani ya seli za ini. Tairosinemia ya aina ya kwanza huufanya mwili ushindwe kuvunja sehemu moja ya protini, na dawa ya nitisinoni ikianza mapema hupunguza hatari hiyo sana. Magonjwa ya kulundikana kwa glikojeni (sukari ya akiba mwilini), sindromu ya Alagille, na magonjwa ya kurithi yanayozuia nyongo kutoka kwenye ini yamo katika kundi hili. Kipimo cha jeni ni ghali na hakipo hospitali nyingi, lakini daktari makini hushuku kwa kumtazama mtoto na kusikiliza historia ya familia. Ndugu aliyefariki mchanga akiwa na macho ya manjano ni habari ya kutajwa, hata kama inauma.

Homa ya ini B inaingiaje hapa?

Hiki ndicho kihatarishi kikubwa zaidi cha saratani ya seli za ini kwa watoto katika Afrika, na tofauti na vingine tulivyotaja, kinazuilika kwa sindano ya bei nafuu.

Kirusi cha hepatitisi B, yaani cha homa ya ini B, hukaa kwenye damu na majimaji ya mwili. Mama mwenye virusi wengi damuni asipokingwa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua ni asilimia 70 hadi 90. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua yatakayofuata. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huufukuza ugonjwa, na chini ya 5 katika 100 hubaki nao. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 90 katika 100 hubaki nao maisha. Kinga yake bado haijamtambua adui, hivyo humwacha akae.

Kirusi hiki kina tabia mbaya zaidi: kipande cha vinasaba vyake hujichomeka ndani ya vinasaba vya seli ya ini. Ndiyo maana saratani inaweza kumtokea mtoto wa darasa la tano ambaye ini lake halijawa gumu wala kusinyaa, na ambaye hajawahi kuugua siku moja.

Uthibitisho kwamba chanjo hupunguza saratani hii ulitoka Taiwan. Walianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, kwanza wa akina mama wenye maambukizi, baadaye wote. Kati ya 1981 na 1986, kabla matunda ya chanjo hayajaonekana, watoto wa miaka 6 hadi 14 waliougua saratani ya seli za ini walikuwa 0.70 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1990 hadi 1994 walishuka hadi 0.36. Kabla ya Taiwan hakuna nchi iliyokuwa imeonyesha kwa takwimu kwamba chanjo inaweza kuzuia saratani ya binadamu.

Mwanangu amepata chanjo zote za penta, kadi yake imejaa. Si amekingwa?

Amekingwa vizuri, na kadi hiyo itunze. Chanjo ya penta ina kinga ya hepatitisi B ndani yake, na ratiba iliyozoeleka kwetu huitoa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Humkinga mtoto na maambukizi ya nyumbani na ya michezoni, ambayo nayo ni mengi katika miaka ya mwanzo.

Kuna pengo, hata hivyo, na tungependa lizungumzwe zaidi kliniki. Kama mama ana kirusi, mtoto hukutana nacho siku ya kuzaliwa. Kumngoja afike wiki ya 6 ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha aendelee na zile tatu. Mwaka 2022 dozi hiyo ya kuzaliwa iliwafikia takriban asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda ya Afrika.

Kwa hiyo ukiwa mjamzito, omba kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha kama una kirusi hiki. Ni tone la damu na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Ukikutwa nacho, uliza mapema, si siku ya uchungu, dozi ya kuzaliwa inapatikana wapi. Hospitali nyingine binafsi huwa nayo hata pale ambapo kituo cha karibu hakina. Daktari anaweza pia kukuanzishia dawa ya tenofoviri katika miezi ya mwisho ya ujauzito ili kupunguza virusi damuni. Mama anayetumia ARV zenye tenofoviri tayari anapata faida hiyo.

Nina homa ya ini B. Ninyonyeshe?

Nyonyesha. Kilicho muhimu ni mtoto kupata chanjo. Kumwachisha ziwa kwa hofu humletea hatari nyingine nyingi zaidi. Ikiwa chuchu imepasuka na inatoka damu, mnyonyeshe ziwa lililo zima na ukamue la pili mpaka lipone.

Na kwa kuwa huulizwa pia: kula sahani moja, kukumbatiana na kulala kitanda kimoja hakuambukizi. Wembe, mswaki na mashine ya kunyolea ndivyo vya kutokuchangia. Kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, kwenye damu iliyokwisha kukauka.

Bibi yake anataka akachanjwe chale "kupunguza bandama". Kuna ubaya?

Upo, tena wa namna mbili.

Kwanza wembe. Kuchanja chale, kukata kimeo, kutoboa masikio na tohara ya nyumbani vikifanywa kwa wembe uliopita kwa mtoto mwingine ni njia ya moja kwa moja ya kupeana hepatitisi B. Mganga huufuta kwa kitambaa, au huusuuza kwenye bakuli lile lile la maji, na watoto waliopangwa mstari hupita mmoja baada ya mwingine. Kuleta wembe mpya kwenye karatasi yake kunapunguza hatari, lakini kidonda kibichi kikipakwa dawa kwa kidole kilichokwisha kugusa damu ya mwingine, hujaokoa kitu.

Pili ni muda. Tumbo lililovimba upande wa kulia huenda si bandama. Madaktari wa saratani za watoto hukutana na matumbo yenye mistari ya chale za zamani na za karibuni, na ukiuliza kila mstari ulichanjwa lini unaweza kuhesabu miezi iliyopotea. Bibi hakukusudia mabaya. Kaeni naye, mwelezeni kwamba mtoto atapimwa ultrasaundi kwanza, na ikiwezekana aende naye hospitali. Akishaona picha na kusikia kwa masikio yake, huwa yeye ndiye anayewanyamazisha wengine.

Sumukuvu inasababisha saratani ya ini kwa watoto?

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu, hasa wa jamii ya Aspergillus, kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa na unyevu. Iligundulika baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Aina kali zaidi, aflatoksini B1, huharibu jeni ya TP53 ambayo ni mojawapo ya walinzi wakuu wa seli dhidi ya saratani.

Tuseme wazi: hepatoblastoma haijahusishwa na sumukuvu. Saratani ya seli za ini imehusishwa nayo bila shaka yoyote, ila kwa kawaida huchukua miaka mingi, hivyo mtoto anayelishwa sumukuvu leo huenda akaugua akiwa mtu mzima. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba huanza kuipata mapema mno: kupitia kitovu akiwa tumboni, kupitia maziwa ya mama, kisha kwenye uji. Na sumukuvu ikikutana na hepatitisi B katika mwili mmoja, hatari huzidishana, haijumlishwi tu. Kwa mtu mwenye kirusi hicho, sumu ile ile ina nguvu ya kuleta saratani takriban mara 30 zaidi.

Watu wengi huichanganya saratani na sumukuvu ya ghafla, ambayo ni jambo jingine. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata msiba kama huo, watu wapatao 20 wakafariki. Hao waliuawa na ini lililoshindwa kufanya kazi ndani ya siku au wiki. Sumu ni ile ile. Kiasi ndicho kilichotofautiana.

Je, niache kumpa mtoto uji wa lishe?

Usiache uji, badilisha namna ya kuuandaa. Uji wa lishe wa mchanganyiko, mahindi pamoja na karanga na soya na ulezi, unasifiwa kwa virutubisho vyake, na ni kweli unavyo. Lakini mahindi na karanga ndivyo vyakula viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu, na tunavisaga pamoja kuwa unga laini ambao hakuna tena anayeweza kuona kilichokuwa kimeoza. Unga wa pakiti isiyo na nembo ya ubora, uliosagwa na mtu usiyemjua, una shida hiyo hiyo hata kama pakiti ina picha ya mtoto mnene.

Nunua nafaka nzima, uchambue mwenyewe mchana kweupe. Mwaga karanga kwenye ungo na uondoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizochipua na zilizovunjika. Onja moja moja. Yenye uchungu usiimeze, na kama uchungu ni mwingi rudisha mfuko mzima. Mahindi nayo ondoa yenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi na yaliyotobolewa na wadudu. Kuchambua pekee huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu hujikusanya kwenye punje chache zilizooza na haisambai sawasawa. Kukoboa pia husaidia, kwa kuwa sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Dona lina sifa zake, ila dona la mahindi yasiyochambuliwa si zawadi kwa mtoto. Saga kidogo kidogo, cha wiki mbili tatu. Karanga waweza kuzitoa kwenye unga kabisa, ukatumia maharage, dagaa waliokaushwa vizuri au maziwa.

Kuchemsha na kukaanga hakuondoi sumukuvu. Kila mtu huuliza hili akitumaini jibu tofauti.

Kwa anayelima: anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, na usihifadhi kabla ya unyevu kushuka hadi asilimia 13.5, ndicho kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi. Huna mashine ya kupimia? Chukua chupa ya soda iliyokauka, weka mahindi mpaka robo, tia kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja au mbili, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Isipoganda, yaanike siku moja au mbili za jua kali kisha yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Na yale mabovu uliyoyatoa, usimpe ng'ombe wala kuku, wala usiyapeleke kwenye pombe. Hurudi mezani kwenye maziwa na mayai. Yafukie.

Alipozaliwa alikuwa na manjano. Hiyo si dalili ya saratani baadaye?

Manjano ya kawaida ya siku za mwanzo hupotea yenyewe au kwa taa ya bluu, na haihusiani na saratani. Inayotisha ni ile inayovuka siku 14, hasa kama kinyesi cha mtoto ni cheupe na mkojo wake ni wa njano iliyokolea mpaka unatia doa nepi. Hapo mirija ya nyongo huenda imeziba. Upasuaji wa Kasai, uliopewa jina la daktari wa Japani aliyeubuni, hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Ukichelewa, ini hukauka na kuwa gumu, na ini gumu ndilo udongo wa saratani. Kumwanika mtoto kwenye jua la asubuhi hakuzibui mirija.

Malaria, minyoo, kichocho, panadol, sindano za uzazi wa mpango: vinahusika?

Malaria na kichocho cha tumbo huvimbisha bandama na hata ini, lakini si chanzo kinachotambulika cha saratani hizi. Minyoo, hapana. Paracetamol ikizidishwa dozi inaweza kuua ini kwa siku chache, jambo baya la kutosha, ila haileti saratani. Njia za uzazi wa mpango alizotumia mama kabla ya mimba hazijathibitika kuhusika. Dawa za mitishamba baadhi yake huliumiza ini vibaya, kwa hiyo usimpe mtoto, hata kama kiungo chake na saratani hii hakijathibitishwa.

VVU huongeza hatari ya saratani nyingine za watoto kuliko hii ya ini.

Na sigara ya baba?

Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani (IARC) umeihesabu hepatoblastoma miongoni mwa saratani za watoto zinazosababishwa na uvutaji sigara wa wazazi. Hatari inayoongezeka ni ndogo. Hata hivyo ni mojawapo ya mambo machache sana kuhusu hepatoblastoma yaliyo mikononi mwa wazazi, na inawahusu wote wawili, kabla ya mimba na wakati wa mimba.

Nitajuaje kama tumbo la mtoto limevimba kwa ini?

Mara nyingi hugunduliwa na anayemwogesha. Mkono unapita tumboni na kukuta kitu kigumu chini ya mbavu za kulia, kisichouma, na mtoto anacheza kama kawaida. Baadaye hupungua uzito, hukataa kula, hutapika au hupata homa zisizoeleweka. Manjano huja kwa wachache. Kuna jambo la ajabu kidogo: baadhi ya wavulana huanza kuonyesha dalili za kubalehe wakiwa na miaka miwili, kwa sababu uvimbe unamwaga homoni.

Kwetu tumbo kubwa lina visababishi vingi, kuanzia utapiamlo na malaria ya mara kwa mara hadi saratani nyingine, kama ya figo na limfoma ya Burkitt (saratani ya tezi). Kwa mkono peke yake hata daktari hawezi kuapa. Ultrasaundi inatosha kuanzia. Kisha hupimwa AFP, ambayo hupanda kwa takriban watoto 9 katika 10 wenye hepatoblastoma. Tahadhari moja hapa: AFP ya mtoto mchanga huwa juu sana kwa asili yake na hushuka taratibu katika mwaka wa kwanza, hivyo namba kubwa kwenye karatasi ya maabara isikutie hofu kabla daktari hajailinganisha na umri wake. Kiambie kituo kikupe rufaa mapema kwenda hospitali yenye kitengo cha saratani za watoto: Muhimbili, KCMC au Bugando kwa Tanzania, Kenyatta au Moi Eldoret kwa Kenya, Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala, Butaro kwa Rwanda. Katika nchi zenye uwezo, zaidi ya watoto 7 katika 10 wenye hepatoblastoma hupona kwa dawa ya sisplatini na upasuaji, na kuwahi ni sehemu kubwa ya tofauti.

Mtoto wetu wa kwanza aliugua hepatoblastoma. Tukizaa mwingine, naye atapata?

Kwa familia nyingi, hapana. Ugonjwa hautokei mara mbili katika nyumba moja isipokuwa pale penye hali ya kurithi, na kubwa kuliko zote ni ile ya jeni ya APC. Waulizeni wazee wa pande zote mbili: nani alifariki kwa ugonjwa wa utumbo, akiwa na umri gani, nani alikuwa akitoka damu haja kubwa kwa miaka. Jibu likiwa ndiyo, omba rufaa ya ushauri wa vinasaba kabla ya mimba au mara tu mtoto anapozaliwa. Aliyepona naye, akithibitika kuwa na jeni hiyo, ataanza kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera akiwa na miaka 10 hadi 12.